Cheche za Mlimani

Kama umepita sekondari ya nchi hii, basi mdahalo unaujua. Ijumaa mchana, bwalo limejaa, bati linachemka juu ya vichwa, mwenyekiti yuko mezani na mtunza muda ameshika kengele yake. Hoja ya leo: elimu ni bora kuliko fedha. Muhula unaofuata hoja ni ile ile, imegeuzwa tu kichwa chini miguu juu. Tulibishana kwa Kiingereza cha kukariri, na aliyejisahau akachomeka neno la Kiswahili alivishwa kibao shingoni mpaka jioni. Mimi nilikivaa mara tatu. Nilipomaliza kidato cha nne (matokeo tuyaache, hayahusiani na makala haya) nilikuwa naamini kwamba mdahalo ni mchezo kama mpira. Anayepigiwa makofi mengi ndiye mshindi, halafu wote mnakwenda kupanga foleni ya maharage.

Kilichonitoa kwenye imani hiyo ni kitabu nilichokikuta kwa wauza vitabu vya mtumba kule Posta. Kinaitwa Cheche, mhariri wake ni Karim Hirji, na kilichapwa na Mkuki na Nyota mwaka 2010. Jina la Kiswahili, ndani Kiingereza kitupu. Nilikisoma kwa miezi miwili, kamusi pembeni. Kumbe kulikuwa na vijana wa rika langu, hapa hapa Dar es Salaam, waliobishana mpaka Serikali ikasema basi! Na jambo lililonikosesha usingizi ni hili: vijana hao hawakuwa wapinzani wa ujamaa. Waliutaka kuliko hata wengi wa waliokuwa wakiuhubiri majukwaani.

Tuanzie chini kabla hatujapanda Mlimani. Chuo chenyewe kilianza Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Wanafunzi wa kwanza walikuwa wa sheria, na hawakufika hata 15. Mwaka 1964 kikahamia kule juu kilipo sasa. Wakati ule kuwa mwanafunzi wa chuo kikuu ilikuwa kitu kikubwa mno. Chakula bure, kitanda bure, na ukimaliza kazi inakusubiri na gari linanukia. Wakulima ndio waliokuwa wakilipa.

Basi, tarehe 22 Oktoba 1966 wasomi hao wakaandamana hadi Ikulu. Walikuwa wanapinga mpango wa kuwapeleka Jeshi la Kujenga Taifa, kwani baada ya miezi ya kambini wangefanya kazi mwaka na nusu kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Mabango mengine yalidiriki kusema kwamba afadhali enzi za mkoloni. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akasema kama ni mishahara basi na wakubwa nao wana mishahara minono mno, akapunguza wa kwake kwa asilimia 20 papo hapo. Kisha akawarudisha vijana makwao, karibu 400. Wengi walisamehewa mwaka uliofuata, lakini aibu ilibaki. Februari 1967 likatangazwa Azimio la Arusha, na mwezi uliofuata Mlimani kukafanyika mkutano wa kujiuliza chuo kikuu kina kazi gani katika nchi inayotaka ujamaa.

Ni katika mwaka huo huo, 1967, ndipo kikundi chetu kilipozaliwa. Kwa kifupi kiliitwa USARF, yaani umoja wa kimapinduzi wa wanafunzi Waafrika wa chuo kikuu. Jina refu, watu wachache. Mwenyekiti alikuwa kijana wa Kiganda aliyeingia chuoni mwaka huo, Yoweri Museveni. Wengine walitoka Tanzania, Kenya, Sudan na kwingineko. Msisahau kwamba Dar es Salaam ya wakati ule ilikuwa nyumba ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. FRELIMO iliundwa hapa mwaka 1962, na Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa na makao yake hapa tangu 1963. Ukienda mjini kununua sabuni unaweza kupishana na mtu ambaye kesho anarudi msituni. Kwa hiyo hoja za vijana hawa hazikutoka hewani. Mwaka 1968 Museveni na wenzake walikwenda Msumbiji kuyaona kwa macho maeneo yaliyokombolewa, akarudi na kuandika juu ya nadharia ya Fanon kuhusu matumizi ya nguvu. Na Februari 1969 Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi cha kitabu, papa hapa mjini. Hebu fikiria kusoma darasani habari za ubeberu wiki hiyo.

Walifanya nini hasa? Kwanza walileta wazungumzaji. Stokely Carmichael wa Marekani alifika Dar mwaka 1967, na C.L.R. James naye aliwahi kuja kuzungumza. Pili, waliingia vijiji vya ujamaa kufanya kazi ya mikono. Lakini kilicho karibu na moyo wangu ni darasa la Jumapili. Hakuna mtihani, hakuna cheti. Wenzao wamelala au wamekwenda kanisani, wao wanakaa na Marx, Lenin, Fanon na Nkrumah, mmoja anaeleza alichosoma na wengine wanamshambulia. Mhadhiri aliyekaa nao bila kujikweza alikuwa Walter Rodney, Mguyana, mwalimu wa historia. Alifundisha Dar mwaka 1966 na 1967, akaenda Jamaika, Serikali ya huko ikamfungia mlango Oktoba 1968 na Kingston ikawaka kwa ghasia, akarudi kwetu 1969. Kitabu chake maarufu kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitoka mwaka 1972, na ukikisoma unasikia ubishi wa vijana nyuma ya kila ukurasa. Angalau mimi nausikia.

Sitaki kuwapamba. Mwaka 1968 walifanya jambo ambalo mpaka leo linanigawa. Chuoni kulikuwa na desturi iliyoletwa na Waingereza: siku moja kwa mwaka wanafunzi huvaa matambara, hupanda magari yaliyopambwa, huzunguka mjini wakichekesha watu na kuchangisha fedha za maskini. Vijana wa USARF wakasema huu ni upuuzi. Mtu anayelishwa na mkulima anavaaje matambara kumfanyia mkulima huyo huyo kichekesho? Hoja nzito, naikubali. Lakini siku ilipofika, magari ya sherehe yakakutwa matairi hayana upepo, na sherehe ikafa. Hapo ndipo ninapowauliza, jamani, ubishi uliishia wapi? Kutoa upepo si kujibu hoja. Ila nakiri kwamba nilipolisoma nilicheka peke yangu ndani ya daladala.

Novemba 1969 wakatoa jarida lao, wakishirikiana na tawi la Umoja wa Vijana wa TANU pale chuoni. Wakaliita Cheche, wakifuata gazeti la Lenin, Iskra, na lile la Nkrumah, yote mawili yakiwa na maana hiyo hiyo. Wahariri walikuwa wanafunzi: Karim Hirji, Henry Mapolu, Zakia Meghji. Wewe unayeandika hadithi zako usiku na kuzichapisha kwenye vijarida kama hiki, hii sehemu isome polepole. Hawakuwa na kiwanda. Walipiga taipu kwenye stensili, na ukikosea herufi unapaka dawa, unasubiri ikauke, unagonga tena. Stensili inavishwa kwenye mashine ya kurudufu, karatasi zinatoka moja moja zikinuka wino. Kisha zinapangwa kwa mkono, zinabanwa pini, na wahariri wenyewe wanabeba mafungu kwenda kuuza. Jarida la namna hiyo, karatasi za kurudufu, lilisomwa mpaka nje ya Tanzania.

Kishindo chenyewe kilikuja Septemba 1970. Toleo zima lilitolewa kwa andishi moja la kijana wa sheria, Issa Shivji, juu ya mapambano ya kitabaka yanayokwenda kimya kimya Tanzania. Alikuwa na miaka 24. Mabenki na makampuni makubwa yalitaifishwa mwaka 1967 na watu wakacheza ngoma. Shivji hakucheza. Alikaa chini akahesabu nani anakaa kwenye bodi za mashirika, nani ameingia mkataba wa kuyaendesha, nani analipwa ada ya usimamizi. Akaona kwamba makampuni ya nje yaliyotolewa kwa mlango wa mbele yalikuwa yamerudi kwa mlango wa nyuma, safari hii na mkataba mkononi, na kwamba ndani ya nchi lilikuwa linaota tabaka la wakubwa wa Serikali na mashirika lisilo na haraka yoyote ya kumpa mfanyakazi usukani.

Nililieleza hili kijiweni kwetu Tandika, ambako watu tisa tunakutana kusoma na kubishana. Mshikaji mmoja fundi redio alisikiliza mpaka mwisho, hakuinua macho kwenye waya zake, akasema, "Kwa hiyo duka limebadilishwa kibao cha jina, lakini funguo za kasha bado anazo yule yule." Dada yetu anayeuza mitumba akauliza, "Na hilo lilihitaji Kiingereza?"

Nilikosa jibu. Mpaka leo sina jibu zuri. Cheche iliwasemea wakulima na wafanyakazi, na sehemu kubwa yake mkulima na mfanyakazi wasingeweza kuisoma. Utaniambia chuo kilifundisha kwa Kiingereza, vitabu vilikuwa vya Kiingereza, na wenzao wa Uganda na Sudan wangeachwa nje. Sawa. Ajabu ni kwamba mwaka huo huo wa 1970 pale pale Mlimani ilianzishwa Idara ya Kiswahili. Vijana waliothubutu kumuuliza waziri anamtumikia nani hawakuifikisha hoja hiyo mpaka kwenye lugha ya mpishi wao wa bwaloni. Hili nawalaumu nalo, ingawa nawalaumu kama mtu anavyomlaumu kaka yake.

Novemba 1970 amri ikashuka. USARF ivunjwe, Cheche ikome. Sababu zilizotolewa zilikuwa mbili: chuo tayari kina tawi la Umoja wa Vijana wa TANU na linatosha, na jina Cheche linatoa picha kwamba tunajenga ujamaa wa Kirusi badala ya wetu. Wapo wanaosema kwamba sababu ya kweli ni lile toleo la Septemba. Mimi naona hata ukizichukua sababu hizo kama zilivyotolewa, bado zinashangaza. Ugomvi juu ya jina! Vijana hawakuingia barabarani. Walitoa jarida jipya chini ya tawi la TANU, wakaliita MajiMaji, kwa kumbukumbu ya vita vya 1905 hadi 1907. Sasa nani atasema jina hilo ni la Kirusi? Ubishi ukaendelea. Julai 1971 rais wa wanafunzi, Mkenya Symonds Akivaga, alifukuzwa na kuondolewa chuoni na polisi wenye silaha baada ya kumwandikia barua kali makamu mkuu wa chuo, na wanafunzi wakagoma kuingia madarasani. Alirudishwa mwaka uliofuata. Hilo lina hadithi yake, siku nyingine.

Waliishia wapi wale wa Jumapili? John Garang, Msudani aliyekuwa nao, alianzisha vita vya SPLA mwaka 1983 akafa kwa ajali ya helikopta Julai 2005. Rodney aliuawa kwa bomu Georgetown, Juni 1980. Zakia Meghji akawa Waziri wa Fedha mwaka 2006. Shivji akawa profesa, na mwaka 2008 akakabidhiwa Kigoda cha Mwalimu Nyerere hapo hapo Mlimani. Hirji alihamishwa kutoka chuoni mwaka 1974 akapelekwa Sumbawanga, baadaye akawa mtaalamu wa takwimu za tiba. Na mwenyekiti wao aliingia Ikulu ya Uganda Januari 1986, akakaa humo zaidi ya miaka 35. Fundi redio aliposikia hilo aliuliza kama huyo naye alikuwa anahudhuria darasa la Jumapili au alikuwa anasaini tu daftari la mahudhurio.

Niliwahi kwenda Mlimani kuuona ukumbi wa Nkrumah, ule uliochorwa kwenye noti ya shilingi 500 kabla haijawa sarafu. Nilisimama nje. Walikuwa wanaandaa viti vya harusi au semina, sikuelewa vizuri, na mlinzi akaniuliza nina shida gani. Nikamwambia natafuta mahali ambapo watu walikuwa wakibishana. Akanitazama, akasema hapa siku hizi ukumbi unalipiwa.

Kwa hiyo tunakaa Tandika, nyuma ya kibanda cha fundi, Jumapili saa nne asubuhi. Nimeanza kuliweka lile andishi la Shivji katika Kiswahili, si neno kwa neno, ila hoja kwa hoja, na nimefika pale anapoeleza mikataba ya usimamizi. Dada wa mitumba amejitolea kusahihisha kwa sababu anasema Kiswahili changu kina suti. Kudurufu nakala tisa kunahitaji fedha ambazo kikundi hakina, na wiki iliyopita tulibishana saa nzima kama tuombe mchango kwa diwani. Wanne walisema ndiyo, wanne hapana. Fundi alikuwa na redio ya mtu mkononi, akasema atapiga kura akimaliza.