Tundu lenye tuberkilozi inaacha nyuma

Leo tuguse historia ya uganga kidogo. Mtu anapona tuberkilozi, anamaliza dawa, alafu kisha miaka anaanza kutema damu. Ndani ya pafu kulibaki tundu, na kuvu ya Aspergillus iliingia humo ikakua donge.

Mwaka 1960, Belcher na Plummer wa Uingereza waligawa wagonjwa hawa mafungu mawili: wenye tundu la ukuta mwembamba na pafu zima kando yake, na wenye tundu la ukuta mnene katika pafu lililoharibika. Mgawanyo mdogo, lakini ulionyesha nani atateseka akipasuliwa. Mwaka 1986, Mayo Clinic ya Marekani ilitoa hesabu yake: katika fungu la pili karibu mtu 1 kwa 3 alikufa, katika la kwanza, karibu 1 kwa 20.

Sababu? Pafu lenye makovu linashikamana na mbavu. Kulibandua kunamwaga damu nyingi. Tena kipande kinachobaki hakijai kifua: hewa inavuja, usaha unaingia pale wazi.

Kwetu Kongo tuberkilozi ingali nyingi. Ndiyo maana munganga, mbele ya kushika kisu, anauliza kwanza: uliwahi kuugua kifua? Ukipanda mlima, unapumua namna gani?