Nini Hujenga Kujiamini kwa Wanavyuo katika Kuchagua Taaluma: Hali ya Nachingwea na Ruangwa

Kijana wa Nachingwea au Ruangwa anayehitimu Kidato cha Sita hutakiwa kufanya uamuzi mkubwa katika muda mfupi. Matokeo hutangazwa katikati ya mwaka, dirisha la udahili hufunguliwa, maombi ya mkopo hujazwa, na kozi atakayoichagua huweza kuongoza maisha yake ya kazi. Uamuzi huo haukomi siku ya kudahiliwa. Akiwa mwaka wa kwanza hujiuliza iwapo alichagua vema. Akiwa mwaka wa mwisho hujiuliza aelekee wapi. Wapo wanaoamua kwa utulivu, na wapo wanaongoja wengine wawaamulie. Makala haya yanaeleza tofauti hiyo hutokana na nini, na namna familia, shule, vyuo na halmashauri zinavyoweza kumsaidia kijana.

Maana ya kujiamini katika uamuzi wa kazi

Wataalamu wa saikolojia hutofautisha ujasiri wa jumla na imani ya mtu kwamba anaweza kutekeleza jambo mahususi. Msingi wa fikra hiyo uliwekwa na mwanasaikolojia Albert Bandura mwaka 1977. Mwaka 1981, Nancy Betz na Gail Hackett waliitumia fikra hiyo katika uchaguzi wa kazi. Walibaini kuwa wanafunzi wa kike wa chuo nchini Marekani walijiona hawaziwezi kazi zilizozoeleka kuwa za wanaume, ingawa alama zao za hisabati na lugha hazikuwa chini ya zile za wenzao wa kiume. Kilichowazuia hakikuwa uwezo, bali imani yao kuhusu uwezo huo.

Mwaka 1983, Karen Taylor na Betz walitengeneza kipimo cha kujiamini katika uamuzi wa kazi chenye maeneo matano: kujitambua, kukusanya taarifa za kazi, kuchagua lengo, kupanga hatua na kutatua vikwazo. Maeneo hayo yote ni stadi zinazofundishika. Kwa hiyo, mwanafunzi anayesitasita hana kasoro ya kuzaliwa. Huenda hakuwahi kupewa nafasi ya kujifunza kuamua.

Vyanzo vinne vya kujiamini

Bandura alitaja vyanzo vinne vya imani hiyo, na vyote vinaonekana katika mazingira ya wilaya hizi mbili za Mkoa wa Lindi.

Chanzo cha kwanza, ambacho ndicho chenye nguvu zaidi, ni kufanya jambo na kulifanikisha. Mwanafunzi wa kilimo aliyewahi kuongoza upuliziaji wa mikorosho ya familia na kuona mavuno yakiongezeka ana ushahidi wake mwenyewe. Vivyo hivyo mwanafunzi wa uhasibu aliyeshiriki kufunga hesabu za chama cha msingi cha ushirika wakati wa mafunzo kwa vitendo. Ushahidi wa namna hiyo hauwezi kupatikana darasani pekee.

Chanzo cha pili ni kuona mtu wa mazingira yako akifanikiwa. Mheshimiwa Kassim Majaliwa, aliyekuwa Mbunge wa Ruangwa tangu mwaka 2010, alianza kazi akiwa mwalimu, akahitimu shahada ya elimu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1998, na hatimaye akawa Waziri Mkuu kuanzia Novemba 2015 hadi Novemba 2025. Mfano huo una uzito kwa kijana wa Ruangwa. Hata hivyo, mfano mmoja mkubwa hautoshi. Kijana huhitaji pia kumwona mpima ardhi, daktari wa mifugo au fundi sanifu wa maabara aliyesoma shule kama yake, na kumuuliza alifikaje pale alipo.

Chanzo cha tatu ni maneno ya watu anaowaheshimu. Mzazi, mjomba, shangazi au mwalimu anapomwambia kijana kwamba anaweza, neno hilo hubaki moyoni. Lakini neno lisilo na taarifa huweza kupotosha. Kumshauri kila mwenye alama nzuri kuwa daktari, au kumwelekeza binti kwenye kazi zinazodhaniwa kuwa za kike, ni kumwamulia bila kumsikiliza.

Chanzo cha nne ni hali ya mwili na hisia. Mwenye hofu ya ada na chakula hawezi kupima chaguo kwa utulivu. Hapo ndipo unapoonekana umuhimu wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005, pamoja na ufadhili wa Samia ulioanzishwa mwaka 2022 kwa wanafunzi wenye ufaulu wa juu katika masomo ya sayansi. Mwanafunzi anayefahamu mapema vigezo vya mkopo huchagua kozi akiwa na fikra tulivu kuliko anayevifahamu siku ya mwisho.

Taarifa sahihi kuhusu uchumi wa nyumbani

Kujiamini bila taarifa ni kubahatisha. Historia ya Nachingwea inalithibitisha hilo. Mwaka 1947, Serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga katika maeneo ya Kongwa, Urambo na Nachingwea. Misitu ilifyekwa, reli ikajengwa kuelekea Mtwara na ajira zikatangazwa. Mradi huo ulisitishwa mwaka 1951, na baadaye reli ikang'olewa. Funzo kwa kijana wa leo si kuogopa miradi mikubwa; ni kuchagua ujuzi unaoweza kutumika hata mradi mmoja unapokoma.

Kwa sasa macho ya wengi yapo kwenye madini ya kinywe wilayani Ruangwa, ambayo hutumika kutengeneza betri, zikiwemo za magari ya umeme. Mgodi hauhitaji wajiolojia peke yao. Unahitaji pia wahandisi wa uchenjuaji, wataalamu wa mazingira, mafundi umeme, wahasibu, maofisa ugavi na wanasheria. Kanuni za mwaka 2018 kuhusu ushirikishwaji wa Watanzania katika sekta ya madini zinawataka wamiliki wa leseni kutoa kipaumbele kwa wananchi katika ajira na mafunzo. Ni haki inayomnufaisha aliyejiandaa.

Korosho na ufuta navyo vina mnyororo mrefu wa kazi. Chama Kikuu cha Ushirika cha RUNALI, kinachounganisha wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, huuza mazao kupitia mfumo wa stakabadhi ghalani. Nyuma ya kila mnada kuna mpima ubora, mtunza ghala, mhasibu, mtaalamu wa mifumo ya kompyuta na ofisa ushirika. Wanafunzi wengi waliokulia kwenye mashamba ya korosho hawajawahi kuzihesabu kazi hizo kuwa taaluma.

Fursa zilizopo na wajibu wa kila mmoja

Maandalizi huanza kabla ya chuo. Mwaka 2024 Serikali iliongeza tahasusi mpya 49 za Kidato cha Tano na kufanya jumla kuwa 65. Uchaguzi umepanuka, hivyo haja ya ushauri nasaha shuleni nayo imeongezeka. Ujenzi wa Kampasi ya Lindi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, unasogeza elimu ya juu karibu na wananchi wa mkoa huu.

Mwanafunzi anashauriwa kusoma mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kabla ya kuomba. Kuzungumza na angalau watu wawili wanaofanya kazi anayoitamani. Kutumia likizo kujitolea katika halmashauri, ushirika au kituo cha afya. Na kufuatilia huduma za ajira za TaESA pamoja na nafasi za mafunzo ya utarajali. Anayenuia kujiajiri akumbuke kuwa halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa ajili ya mikopo, ambapo asilimia 4 ni ya vikundi vya vijana.

Mzazi anashauriwa kuuliza kabla ya kuagiza. Swali kama "umeona nini katika kazi hiyo?" humsaidia kijana kupanga fikra zake. Shule nazo ziwaalike wahitimu wake, wakiwemo waliobadili kozi au kuanza upya, kwa kuwa mwanafunzi hupata nguvu anapojua kuwa uamuzi wa kwanza huweza kurekebishwa.

Ofisi za wilaya na vyama vya ushirika vina mchango ambao hauhitaji bajeti kubwa: kumpokea mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo na kumpa kazi halisi, si kumwachia majalada ya kupanga tu. Kijana aliyekabidhiwa kazi, akaikamilisha na kuelezwa alipokosea, hurejea chuoni akiwa na sababu ya kujiamini, na ataweza kuamua mwenyewe atakapohitimu.