Kabla ya Jua Kali, Fundi Alikuwa na Paa

Wasee, Aprili iliyopita mvua ilitukosea heshima. Oveni ya kuni ya mathe, ile ya matofali na udongo anayookea mikate ya kuuza hapa Manyatta, ilikuwa chini ya nguzo nne za miti na karatasi ya nailoni. Usiku mmoja nailoni ikararuka. Asubuhi tukawasha moto hivyo hivyo, maji yaliyokuwa ndani ya udongo yakageuka mvuke, oveni ikapasuka. Siku tisa bila mkate ni siku tisa bila pesa.

Mathe alikuwa ameweka 30,000 za kunirudisha kampasi, ambako niliacha mwaka wa pili. Nikamwambia tujenge kibanda cha chuma. Akaniangalia sana, kisha akauliza, "Na masomo?" Sikuwa na jibu. Wacha nijaribu kulijibu hapa.

Wengi wetu tunadhani fundi wa chuma kuchomeka juani ni mambo ya tangu zamani. Apana. Pande hizi za Mlima Kenya mhunzi alikuwa na banda lake, na Wagikuyu waliliita kiganda. Mchanga mweusi wenye chuma uliokotwa mitoni, ukayeyushwa kwa makaa, ukafuliwa kuwa mikuki na visu. Kina Routledge, Mzungu na mkewe, waliiandika kazi hiyo kwenye kitabu chao cha 1910. Mhunzi aliheshimiwa, na laana yake iliogopwa. Moto wake ulikuwa na paa.

Halafu ikaja reli, kati ya 1896 na 1901. Chuma cha ng'ambo kikajaa sokoni, na nani tena angehangaika na mchanga wa mtoni? Mafundi wengi wa Kiafrika wakajifunza kazi ya mabati na vyuma kwa mafundi wa Kihindi. Lakini mjini Mwafrika hakupewa karakana. Aligonga bati nje, kanjo wakija anakimbia. Hapo ndipo jina jua kali lilipotoka. Kumbe si sifa, ni malalamiko!

Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani liliiambia serikali iache kuwasumbua watu hawa, kwa sababu wanazalisha kazi. Ilichukua miaka 13 kabla Rais Moi kuwatembelea mafundi wa Kamukunji, 1985, na kuwaahidi vibanda. Mwaka huo huo 8-4-4 ilianza, nayo iliahidi kwamba mtoto atatoka shuleni akijua kazi ya mikono. Kwa hivyo 1985 tulipewa ahadi mbili: paa kwa fundi, ufundi kwa mwanafunzi.

Vibanda vingine vilijengwa, lakini mafundi wengi bado wako juani. Na mimi? Nilimaliza msingi na sekondari za 8-4-4 bila kushika nyundo hata siku moja.

Nilishika ya kwanza mwezi wa tano, nikimsaidia fundi wa welding aliyeanza kazi chini ya mwembe. Alinifunza kwamba nguzo za tyubu zinasimikwa kwenye zege, si kwenye matope. Kwamba chuma chenye zinki unakisugua kwanza pale utakapochomelea, kwa sababu moshi wake unaleta homa. Kwamba bomba la moshi likipita kwenye mabati unaliachia nafasi pande zote, na mbao hazikai karibu nalo. Upande wa mbele tuliuacha wazi, moto unahitaji hewa. Siku mbili, 27,500, imeisha.

Sasa mathe anaoka mvua ikinyesha.

Sisemi uache shule. Mimi mwenyewe kuna usiku naumia nikiona picha za wenzangu wakijiandaa kufuzu. Ninachosema ni kwamba tulinyimwa paa, tukazoea, kisha tukageuza kunyimwa kuwa jina la kujivunia. Kaunti ikimjengea fundi banda, isitangaze kama zawadi. Inarudisha kitu ambacho mhunzi alikuwa nacho kabla ya kaunti kuwepo.

Mathe bado anauliza kuhusu masomo. 2,500 zilizobaki ziko kwenye mkebe, na ameanza kuongeza.

Kwenu je, nani anafanya kazi juani, na tangu lini?