That's All Right: wimbo uliowafaa wengi, mtungaji akabaki kibarua

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Wimbo huu wa Marekani, kila nikiusikia, naona methali imepinduka: mmoja alichuma juani, wengine wakala kivulini.

Niliujua nikiwa kijana hapa Mombasa, kwenye kanda ya ami yangu ya Elvis Presley. Ami aliamini wimbo ni wa Elvis, nami nikaamini hivyo miaka mingi. Kumbe sivyo.

Mtungaji ni Arthur "Big Boy" Crudup, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Forest, jimbo la Mississippi, mwaka 1905. Alikuwa kibarua wa mashamba, na gitaa alijifunza ukubwani. Alipohamia Chicago alipiga gitaa barabarani, usiku akalala ndani ya sanduku la mbao chini ya reli. Hapo ndipo alipokutana na Lester Melrose, aliyekuwa akiyatafutia makampuni ya santuri waimbaji wa bluzi.

Septemba 1946 Crudup alirekodi That's All Right. Mwimbaji anaeleza jinsi wazazi wake walivyomuonya juu ya mwanamke anayempenda. Baadhi ya maneno yalikuwepo kabla yake. Blind Lemon Jefferson aliyaimba mwaka 1926. Bluzi ndivyo ilivyo, kama nyimbo zetu za arusi: beti huazimwa, kila mmoja akaongeza lake.

Tarehe 5 Julai 1954, katika studio ya Sun mjini Memphis, Elvis alikuwa na miaka 19. Kazi ilikuwa haijanoga. Wakati wa mapumziko akauanza wimbo wa Crudup kwa mzaha na kwa kasi. Scotty Moore akaingia na gitaa, Bill Black na besi, ngoma hazikuwepo. Sam Phillips, mwenye studio, akawataka waanze upya ili arekodi. Hiyo ndiyo santuri ya kwanza ya Elvis kuingia sokoni, na wengi huihesabu miongoni mwa chimbuko la roki.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba jina la Crudup liliandikwa kwenye santuri ile kuwa mtungaji. Lakini haki za nyimbo zake zilikuwa mikononi mwa Melrose, baadaye zikauzwa kwa kampuni nyingine. Jina lilikuwa lake, pesa si zake. Alichoka kudhulumiwa, akaacha kurekodi, akarudi kwenye vibarua vya shamba.

Mwaka 1971 alikwenda New York na wanawe kutia sahihi makubaliano ya dola 60,000. Wao walitia sahihi. Mkubwa wa kampuni akakataa. Crudup alifariki mwaka 1974. Fedha za maana ziliifikia familia yake akiwa tayari kaburini.

Kisa hiki kinanigusa. Niliwahi kutunga wimbo wa arusi, mpiga kinanda mmoja akaurekodi na kuuza. Nilipodai, aliniuliza karatasi iko wapi. Sikuwa nayo.

Kwa hivyo vijana wetu wa taarabu na wa kizazi kipya, msiridhike kuona jina lenu kwenye wimbo. Kabla ya kutia sahihi, someni mkataba mpaka mwisho, na kama hamuuelewi, mpelekeeni anayeuelewa. Muulize jambo moja: wimbo huu ukipigwa kesho, pesa zinakwenda kwa nani?