Kuokoa Wanyama Waliofungiwa Garini: Safari ya Sheria Nchini Marekani

Sheria zinazomkinga mtu aliyevunja kioo cha gari ili kumwokoa mnyama ni changa nchini Marekani, lakini msingi wake uliwekwa kabla magari hayajajaa barabarani. Mwaka 1866 Henry Bergh alianzisha mjini New York chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama, ASPCA. Mwaka uliofuata jimbo la New York lilipitisha sheria kuhusu mifugo iliyokamatwa na kufungiwa zizini. Mnyama akikaa zaidi ya saa 12 mfululizo bila chakula wala maji, mtu yeyote aliruhusiwa kuingia kumlisha na kumnywesha, wala asingeshtakiwa kwa kuingia huko.

Magari yalipoenea, hatari ikahamia kwenye maegesho. Utafiti wa wataalamu wa Stanford uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kuwa joto ndani ya gari lililofungwa hupanda kwa wastani wa nyuzi 22 za Selsiasi katika saa moja, hata siku isiyo na joto kali. Asilimia 80 ya ongezeko hilo hutokea katika nusu saa ya kwanza, na kuacha dirisha wazi kidogo hakusaidii sana. Mbwa hujipoza hasa kwa kuhema. Hewa anayovuta ikiwa ya moto, kinga hiyo humwishia.

Hatua za mwanzo zilimlenga mwenye mnyama. Sheria ya California ya mwaka 2006 ilikataza kumwacha mnyama garini katika hali ya kumhatarisha, ikawapa polisi na maofisa wa wanyama idhini ya kumtoa. Mpita njia hakupewa idhini hiyo. Kwa kuwa mbwa na gari vyote ni mali mbele ya sheria, aliyevunja kioo aliweza kushtakiwa kwa uharibifu na kudaiwa fidia. Mwaka 2015 mtu mmoja alikamatwa katika jimbo la Georgia kwa kitendo hicho, kwani sheria ya huko ilimkinga anayeokoa binadamu tu. Mashtaka yalifutwa baadaye.

Mwaka huohuo Tennessee ikawa jimbo la kwanza kupanua hadi kwa wanyama kinga iliyokuwa imewawekea waokoaji wa watoto mwaka 2014. Wisconsin ikafuata kabla ya mwaka kwisha, na mwaka 2016 zikaja Florida, Ohio na Massachusetts. Septemba 2016 Gavana Jerry Brown alitia saini sheria ya California, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2017.

Kinga hiyo ina masharti. Huko California, mwokoaji lazima ahakikishe milango imefungwa, aamini kwa nia njema kwamba mnyama yumo hatarini, na awaarifu polisi, zimamoto au maofisa wa wanyama kabla ya kuvunja. Asitumie nguvu kupita kiasi, na abaki na mnyama karibu na gari hadi wahusika wafike. Indiana, kwa sheria ya mwaka 2017, humtaka mwokoaji alipe nusu ya gharama ya uharibifu. Majimbo mengine yangali yanawaachia maofisa peke yao kazi hiyo.

Masharti hayo humlinda mwenye gari dhidi ya wavunjaji wenye nia mbaya, na humpa mwenye huruma uhakika kwamba akiyafuata, hatalipia wema wake mahakamani.