Saa ya Kete

Kagondo ziko mbili: moja ndani ya Manispaa ya Bukoba, nyingine Muleba, ile yenye hospitali ya misheni. Mimi nilikuwa ile ya Muleba, kwenye benchi la duka, nikitazama wazee wawili wakicheza bao. Walikuwa bado wananamua, yaani wanaingiza ubaoni kete za mkononi. Mmoja alizifumbata kete zake katika kiganja cha kushoto. Kijana aliyesimama nyuma yake, simu mkononi, akauliza:

"Zimebaki ngapi, waitu?"

Mzee alifungua vidole nusu, akavifunga. "Saba."

Yaani zamu saba. Bao la Kiswahili lina kete 64. Kila mchezaji huanza na 10 ubaoni na 22 mkononi, na kila zamu ya kunamua hula moja. Kete za kiganjani ndizo saa ya mchezo, na hazihitaji hesabu zaidi ya hiyo.

Wacheza poka walikuja kupata saa ya namna hiyo baadaye sana. Katika shindano la poka kila mtu hupewa kete za kuanzia (nazisema kete makusudi, maana nikitaja chipsi msomaji wa Bukoba atanusa mayai). Kabla karata hazijagawiwa, wachezaji wawili hulazimika kuweka dau dogo na dau kubwa, na mara nyingi kila aliye mezani naye huchangia kidogo. Madau hayo hupandishwa kila baada ya muda. Basi unaweza kukaa kimya usiguse karata usiku kucha, na bado ukafilisika.

Aliyeugeuza ufilisi huo wa polepole kuwa namba moja ni Mmarekani Paul Magriel, mwalimu wa hisabati aliyeacha chuo akafuata michezo. Mwaka 1976 alitoa kitabu kikubwa juu ya backgammon, mchezo wa dadu na vibao vya duara, na mwaka 1978 akawa bingwa wake wa dunia. Watu walimwita X-22. Inasemekana aliwahi kuandaa shindano la wachezaji 64, X-1 hadi X-64, wote yeye mwenyewe akicheza dhidi ya nafsi yake, na mshindi akawa X-22. Mcheza bao akisikia 64 na 22 lazima atabasamu, ingawa ni sadfa tu.

Namba yake ikaitwa M, kwa herufi ya jina lake. Unachukua kete zako, unazigawa kwa jumla ya yale yanayolazimika kutoka katika mzunguko mmoja wa meza. Tuseme una 8,000, madau ya lazima ni 200 na 400, na watu kumi wanachangia 40 kila mmoja. Mzunguko unakugharimu 1,000, kwa hiyo M yako ni 8: ukikaa kimya, mizunguko minane umekwisha.

Aliyeitangaza ni Dan Harrington, bingwa wa dunia wa poka wa 1995, katika kitabu chake cha pili cha mashindano, kilichotoka 2005. Aliipaka rangi. M ya 20 na zaidi ni kijani, unacheza utakavyo. Chini yake manjano, kisha chungwa, kisha nyekundu, ambapo huna tena cha kufanya ila kusukuma kete zote au kutupa karata. Chini ya 1 aliwaita wafu. Mwandishi mwenzake, Bill Robertie, naye alikuwa bingwa wa backgammon, na sidhani kama ni bahati: watu wa dadu walizoea kuhesabu kabla watu wa karata hawajaona haja.

Wakati wenyewe ulikuwa wa neema. Mwaka 2003 mhasibu wa Tennessee, Chris Moneymaker, aliingia shindano la ubingwa wa dunia wa poka huko Las Vegas kwa nafasi aliyoishinda mtandaoni, akawashinda watu 838 na kuondoka na dola milioni 2.5. Harrington alikuwa wa tatu. Maelfu wakakimbilia kompyuta. Tovuti nyingi za poka huandika kila mkono uliochezwa katika faili la maandishi, na programu kama PokerTracker hulisoma na kubandika namba kando ya jina la kila mchezaji kiooni. M ikawa ya kusomwa tu, kama saa ya ukutani. Kwa maoni yangu hapo ndipo ilipopungua thamani: siri ya mmoja ikishaonekana kwenye vioo vyote, haimpi mtu faida. Kisha kompyuta ikaanza kucheza yenyewe: mwaka 2019 programu ya poka iitwayo Pluribus iliwashinda mabingwa kwenye meza ya watu sita.

Bao nalo limeingizwa kwenye kompyuta. Katika Chuo Kikuu cha Maastricht, Uholanzi, Jeroen Donkers aliliandikia programu, na mwaka 2003 akalitia katika tasnifu yake ya udaktari juu ya kumsoma mpinzani. Ila uwiano wa kete, kama ile M, haukufikishi mbali katika bao. Unaweza kujaza safu ya nyuma, lakini ya mbele ikibaki tupu, umefungwa.

Kule Kagondo, mpinzani wa yule mzee alikula, akasambaza, akala tena, mkono ukienda na kurudi hadi mashimo ya mbele ya mzee yakabaki meupe. Kijana akainama kuhakikisha. Mzee akafungua kiganja: kete tatu. Amefungwa mkononi, na saa yake bado inatembea.