Nanjing: majina kwenye matofali, twiga wa Malindi na mwalimu mmoja

Najua wengi wetu tukisikia China akili inakimbilia Beijing kwa sababu ya taarifa ya habari, au Guangzhou kwa sababu ya mizigo ya Kariakoo. Leo nawapeleka Nanjing, kando ya mto Yangtze. Ni jiji la watu zaidi ya milioni 9, maghorofa hayahesabiki, treni za chini ya ardhi kama kawa. Lakini jina lake maana yake ni "mji mkuu wa kusini", kama vile Beijing ni "mji mkuu wa kaskazini", na ukitembea mle unaelewa kwa nini. Mwenzenu nilizunguka siku nne na miguu bado inadai.

Anzeni na ukuta. Aliyeujenga ni Zhu Yuanzhang, mtoto wa wakulima maskini kabisa, yatima, aliyewahi kuwa mtawa ombaomba kabla ya kuongoza jeshi la waasi. Mwaka 1368 akaanzisha utawala wa Ming na kuifanya Nanjing makao yake makuu. Ukuta ulikuwa na urefu wa kilomita 35 hivi, na mpaka leo kama kilomita 25 bado zimesimama. Lango la Zhonghua peke yake lina mahandaki 27 ya kuficha askari, inasemekana hata 3,000. Adui akivunja mlango wa kwanza anajikuta uani, milango mingine mbele na askari wanamtokea pembeni. Si mchezo.

Ila kilichonishika mimi ni matofali. Mengi yamegongwa maandishi: limetoka wilaya gani, msimamizi nani, aliyelichoma nani. Tofali likiwa bovu, anajulikana wa kumfuata. (Hebu fikirieni barabara zetu, kila kilomita ina jina la mkandarasi!) Yale majina hayakuwekwa kwa heshima, yaliwekwa kama kitisho. Lakini matokeo yake ni kwamba mchoma matofali wa kijijini wa miaka 600 iliyopita ana jina lake ukutani, na unaweza kuligusa kwa kidole. Kwenye madesa yetu wafalme ndio wenye majina, mafundi wanaitwa "wananchi".

Sasa tuje kwenye letu. Pembeni ya mto kulikuwa na karakana zilizojenga meli za Zheng He, yule amiri Mwislamu kutoka Yunnan, aliyetekwa akiwa mtoto, akahasiwa, akakulia katika utumishi wa mtoto wa mfalme. Kati ya 1405 na 1433 zilifanyika safari saba, na baadhi zikafika pwani ya Afrika Mashariki. Ukubwa wa meli zake wataalamu wanabishana hadi leo, maana vipimo vilivyoandikwa vitabuni vinatia shaka. Lakini mwaka 1957 kwenye matope ya karakana ile lilichimbuliwa gogo la usukani lenye urefu wa mita 11. Usukani tu! Leo pale ni bustani, na mabwawa marefu ya kazi bado yapo.

Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walifika China na twiga. Wachina walidhani ni qilin, mnyama wa hadithi anayetokea mfalme akiwa mwema, na bila shaka mfalme Yongle hakuwa na haraka ya kuwasahihisha. Vasco da Gama alifika Malindi 1498. Fanyeni hesabu wenyewe, ni miaka 83. Sisi tunaokwenda kufundisha History tuna tabia ya kuandika ubaoni kwamba China "ilileta" vyombo vya kauri na hariri, kana kwamba pwani ilikaa tu barazani inasubiri mgeni. Malindi ilituma watu wake, ikachagua zawadi, ikajua inataka nini. Mwanafunzi wa Form One akilijua hilo anaisoma pwani kwa jicho jingine kabisa. Mwaka 2013 kisiwani Manda, Lamu, ikapatikana sarafu ya Yongle. Haithibitishi kwamba Zheng He alikanyaga pale, sarafu hupita mikono mingi, ila inaonyesha bahari ile haikuwa ukuta.

Kwenye mlima Niushou lipo kaburi la Zheng He, limeandikwa Allahu Akbar kwa Kiarabu. Wengi wanaamini halina mwili, alifia safarini.

Kuna sehemu nyingine nilikwenda taratibu. Tarehe 13 Desemba 1937 jeshi la Japani liliuteka mji huu, uliokuwa makao makuu ya Jamhuri. Wiki zilizofuata ni mauaji na ubakaji wa kutisha. Jumba la kumbukumbu lililofunguliwa 1985 linaandika 300,000 ukutani. Mahakama ya Tokyo baada ya vita ilisema zaidi ya 200,000. Wanaobishana takwimu hawajaisha. Mimi niliondoka nikimfikiria Minnie Vautrin, mwalimu wa Kimarekani aliyebaki kuangalia chuo cha wasichana cha Ginling. Alifungua geti, wanawake na watoto wakajaa mpaka kwenye korido, inakadiriwa 10,000. Askari walipokuja alikuwa anakimbia jengo hadi jengo kuwazuia, na usiku anaandika shajara. Wapo aliowaokoa, wapo walioburutwa mbele yake, na hao ndio waliomwandama. Alirudi kwao 1940 akiwa mgonjwa wa akili, na mwaka uliofuata akajiua.

Majengo yale leo ni ya chuo kikuu cha ualimu. Wanafunzi wanapita na vitabu, wanachelewa darasani kama sisi.

Kaburi la Sun Yat-sen nendeni mkiwa mmekula, ngazi ni 392. Mimi napendelea daraja la Yangtze: magari juu, treni chini. Warusi waliondoa wataalamu wao 1960, Wachina wakalijenga wenyewe na kulimaliza 1968. Miaka miwili baadaye wakaanza reli yetu ya TAZARA. Kabla ya daraja, mabehewa ya treni yalivushwa mto kwa pantoni, kama magari ya Kigamboni.